Mtungi Katika Picha ya Bwana Zamani

Simu iliita saa nne na robo asubuhi. Nina uhakika wa saa kwa sababu nilikuwa nimemaliza kuiandika kwenye kipande cha plasta juu ya betri ya mteja, kama nifanyavyo kila ninapoanza kuchaji, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Sauti ya kijana nisiyemfahamu ikauliza kama inaongea na Fundi Mtungi. Nikajibu kwamba ndiye. Jina hilo nimelibeba karibu miaka thelathini hapa Ifakara. Vijana wengi wanadhani nilianza maisha kwa kuuza mitungi ya gesi, na sijawahi kuwasahihisha, maana maelezo ya kweli ni marefu na hayamsaidii mtu aliyeniletea simu iliyoingia maji.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mjukuu wa Bwana Zamani. Tunabomoa nyumba ya babu, tunataka kuweka gesti. Sasa pale ukumbini kuna picha kubwa ya ubao. Watu wameniambia nikupigie wewe kwanza."

"Marahaba. Kwa nini mimi?"

"Hawajasema. Wamecheka tu."

Sikuhitaji kuwa mbele ya picha hiyo ili niione. Kulia amesimama mwanamume mwenye koti, kichwa kimenyanyuka, mkono mmoja umenyooshwa kupokea. Kushoto mwanamke mzee amepiga magoti. Kanga yake nyekundu haina kiraka hata kimoja, na kwa mikono yake miwili anamwinulia mwanamume huyo jozi ya njuga. Nyuma yao kuna dirisha, na nje ya dirisha mto, ingawa kutoka dirisha lile usingeweza kuona mto hata ungepanda juu ya meza. Karibu na mlango kuna mtungi wa maji. Chini, kwa herufi nyeupe, pameandikwa: MSHAIRI AKIMKABIDHI MHIFADHI NJUGA ZA KALE. Waliohudhuria siku ilipofunuliwa waliisifu kuwa ni picha ya historia. Tukio lenyewe lilikuwa na umri wa miezi mitano tu. Mimi nilikuwemo chumbani lilipotokea. Nilisimama pale penye mtungi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilipanga chumba kwa Bibi Apolonia, mimi na Masanja, mchoraji wa vibao. Chumba kilikuwa na dirisha moja, vitanda viwili vya kamba na meza moja tuliyoigawa kwa mstari wa chaki: upande wangu redio zilizofunguliwa matumbo, upande wake makopo ya rangi. Kilinuka tapentaini yake na moshi wa risasi niliyokuwa nikichomelea. Mimi sikuvuka darasa la saba. Umeme nilijifunza kwa kitabu kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo nilijua kutengeneza redio kabla ya kujua kitabu changu kinaitwaje. Masanja alikuja bondeni na ndugu zake Wasukuma waliohamia na ng'ombe, akawakimbia ng'ombe, akashika brashi. Alichora vichwa vya mbuzi kwenye mabucha na mikasi kwenye vinyozi, na alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu mwingine. Nasema hivyo kwanza ili nisije nikasahau kusema baadaye.

Bibi Apolonia alikuwa mtunzi. Kwa kawaida walimwita mwimbaji, lakini kuimba wengi waliweza. Yeye alitunga papo hapo, kwa Kindamba, na mistari yake ilibaki midomoni mwa watu kwa miaka. Alialikwa kwenye mavuno na kwenye misiba, na waliomwalika kwenye misiba walikuwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu alimsema marehemu kama alivyokuwa. Siku ya kumaliza msiba alifunga njuga miguuni, njuga za chuma alizoachiwa na mwanamke aliyemfundisha, naye aliachiwa na mwingine. Bila njuga hizo hakuimba msibani. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa naye. Goti lake la kushoto lilikuwa kavu tangu alipoanguka mtumbwini akiwa msichana; alicheza kwa mguu mmoja, na ule mwingine aliuburuta kwa namna iliyofanya njuga zilie kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayejibu akiwa amekwisha kufikiri. Kanisani alisali amesimama.

Chakula cha jioni tulikula naye barazani: wali, matembele, na mara nyingi kambale wa moshi aliyepikwa kwa karanga. Mimi aliniita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo kijana wa rika la mjukuu, na Masanja alikuwa mume mdogo.

"Shikamoo Bibi," Masanja alikuwa akisema akirudi kazini.

"Marahaba, mume mdogo. Ng'ombe zangu za mahari ziko wapi?"

"Zinakuja, Bibi. Ziko njiani."

"Njia gani hiyo isiyoisha? Nitakufa sijaona hata mkia. Nawa mikono, unanuka bucha lililopakwa rangi."

Kwenye baraza hiyo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza desturi ambayo baadaye nililazimika kuifikiria sana. Jirani alikuja kuazima sufuria kubwa. Bibi Apolonia hakumpa mkononi. Aliweka ungo chini, akaweka sufuria juu ya ungo, akarudi nyuma hatua moja, na jirani akainama akaokota mwenyewe. Wazee wote wa mtaa ule walifanya hivyo, hata kwa mbegu ya mpunga. Kitu kinachotolewa kwa mikono miwili kimetolewa, hakirudi. Kitu cha kuazima kinawekwa kwenye ungo, na aliyekiokota anajua atakirudisha kwenye ungo. Masanja alishindwa kuvumilia.

"Kwetu ukimwekea mtu mzima kitu chini, umemtukana."

"Kwenu mnaazimana ng'ombe," Bibi Apolonia akasema, "na ng'ombe anajua njia ya kurudi. Sufuria haijui."

Bwana Zamani alikuja mwezi wa kwanza, kabla mashamba hayajajaa maji. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu alizunguka bonde zima kwa baiskeli akitafuta vitu vya kale: vigoda, mikuki, majembe ya kufua, sarafu za Wajerumani. Alivikusanya nyumbani kwake ili siku moja viwe ukumbi wa kumbukumbu. Sitaki kumfanya mbaya zaidi ya alivyokuwa. Alivipaka vigoda mafuta kwa mkono wake, na aliogopa mchwa kuliko wezi. Alinikodi mimi niendeshe redio kaseti yake, kwa kuwa ilikuwa na ugonjwa wa kula kanda na mimi nilijua mahali pa kuibonyeza. Masanja siku hiyo alikuwa kazini. Chumbani kwa Bibi Apolonia tulikuwa watatu: mwenyewe kwenye kitanda chake, Bwana Zamani kwenye kigoda alichokitazama sana kabla ya kukikalia, na mimi nimesimama karibu na mlango na redio mikononi, maana meza haikuwepo.

Bibi aliimba wimbo aliomtungia mwalimu wake, akizitikisa njuga mkononi, na ulipofika mwisho Bwana Zamani alikuwa analia. Hakujificha. Alitoa leso, akajifuta, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali, "Bibi, haya ni mali ya vizazi vijavyo." Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe mwenyewe, redio ikazima. "Tutunze betri," akaniambia. Kwa hiyo yaliyofuata hayamo kwenye kanda.

"Naomba nikae na hizi njuga kidogo," akasema. "Nizichore, nizipime, nipige picha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mpunga uvunwe."

"Nizihitaji kabla ya hapo?"

"Nitakuletea kwa baiskeli, hata usiku."

Bibi Apolonia aliutoa ungo chini ya kitanda, akauweka sakafuni, akaziweka njuga juu yake. Bwana Zamani alimtazama, akautazama ungo, akashika kiuno. Magoti yake yalilia alipoinama.

"Inama vizuri, mpima ardhi," Bibi akasema. "Ardhi si unaijua?"

Bwana Zamani alicheka, akiwa bado na machozi, akaziokota. Nimeyaona mambo mengi tangu siku ile lakini hilo naweza kulieleza kwa mpangilio wake bila kukosea: ungo, njuga, kiuno, kicheko, mkono. Wakati ule nilidhani nimeshuhudia jambo zuri, na huenda lilikuwa zuri kwa muda huo.

Wiki chache baadaye alimpa Masanja kazi ya kuchora mkutano ule kwenye ubao mkubwa wa plaiwudi, kwa ajili ya ukumbi. Masanja hakuwa na kazi nyingine. Masika yalikuwa yameanza na hakuna mwenye duka aliyetaka kibao kipya kilowe. Kwa kuwa hakuwepo, aliniuliza mimi. Nilimweleza kila kitu, na kila nilipomaliza alinirudisha mwanzo. Alinisimamisha mlangoni na redio mbovu mikononi, akanichora kwa mkaa, akasema pua yangu itamsumbua. Ungo aliuazima kwa Bibi Apolonia mwenyewe ili aupate sawasawa, akauokota kutoka juu ya ungo mwingine, na yule bibi akacheka mpaka akakohoa. Nilipoondoka kwenda Mlimba kwa treni, ambako wafanyabiashara wa mpunga walikuwa na redio na hawakuwa na fundi, michoro ya mkaa ilikuwa imekamilika: Bibi amekaa kitandani, ungo sakafuni, Bwana Zamani ameinama, mimi mlangoni. Sikuwa nimewahi kuonekana kwenye picha yoyote zaidi ya ile ya cheti cha darasa la saba. Ninakiri kwamba kule Mlimba nilikuwa nikiifikiria.

Nilirudi mpunga ukiwa umekauka. Bibi Apolonia alikuwa shambani akilinda ndege, na alikuwa ameshakwenda mara moja kuulizia njuga zake akaambiwa mwenyewe hayupo. Picha ilikuwa imefunuliwa siku mbili kabla, mbele ya wageni waliokunywa soda. Nilikwenda kuitazama nikiwa bado na vumbi la safari. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa najitafuta. Kwanza niliuona mtungi. Ndipo nikaona magoti, na mikono miwili, na koti lililonyooka.

Masanja nilimkuta chumbani anasafisha brashi.

"Ungo uko wapi?" nikamwuliza.

"Mwenye picha amesema hataki kuonekana ameinama kwenye ukuta wake mwenyewe. Akija mgeni amkute amepinda mgongo kama anatafuta shilingi?"

"Na mimi?"

"Amesema picha ya historia haina fundi redio."

"Masanja, wewe unajua mikono miwili maana yake nini hapa."

Aliendelea kufuta brashi. "Ni picha, ndugu yangu. Kwetu mikono miwili ni heshima tu. Nani ataisoma kama hati?"

Nilihama chumba kile mwisho wa mwezi, nikapanga nyumba ya pili kutoka pale, ambako bado niliwasikia wakila.

Mwezi wa nane dada yake Bibi Apolonia alifariki huko Lupiro, ng'ambo ya mto. Alizikwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya joto, na siku ya kumaliza msiba ikapangwa. Bibi Apolonia alikwenda kwa Bwana Zamani kufuata njuga, safari hii akamkuta. Alirudi bila kitu. Alikaa barazani, akanyoosha ule mguu wake, akaniita kutoka nyumba ya pili.

"Mume wangu, njoo. Anasema nimempa."

"Amesemaje hasa?"

"Hakusema. Amenionyesha ukutani."

Hapo ndipo nilipoelewa hatari yote. Bibi Apolonia hakuwa anadai chuma. Alikuwa anadai haki ya kumwimbia dada yake, na siku zilikuwa zinahesabika. Tulipeleka shauri kwa wazee wa kata. Walikubali kulisikiliza haraka, na kwa kuwa picha ilikuwa nzito na imepigiliwa misumari, waliamua kukutana palepale ukumbini, kwenye mabenchi, picha ikiwa mbele yao kama shahidi aliyekwisha kuapishwa.

Bwana Zamani alieleza kwa utulivu kwamba alikabidhiwa njuga kwa uhifadhi wa kudumu. Nilimtazama kwa makini alipokuwa akisema. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa anadanganya. Sasa nafikiri jambo baya zaidi: kwamba alikuwa ameitazama picha ile asubuhi na jioni, akinywa chai yake mbele yake, mpaka ikachukua nafasi ya kile alichokiona kwa macho. Mtu anayelinda vitu vya kale dhidi ya mchwa hakuweza kulinda asubuhi moja ya maisha yake mwenyewe.

Kanda ilipigwa. Wimbo ukasikika mpaka mwisho, kisha tak, kitufe kilipobonyezwa, na baada ya hapo kelele tupu ya kanda. Mzee mmoja akainuka, akaisogelea picha, akaonyesha kwa fimbo.

"Sisi wote hapa ni wenyeji. Anayeazima huokota kwenye ungo. Ungo uko wapi hapa?"

Vichwa vyote vikaigeukia picha. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lingeweza kufanywa na watu wa kwetu tu. Mgeni angeiona mikono miwili asiione kuwa na maana. Wao waliifahamu desturi vizuri mno, wakaisoma picha kwa desturi, na picha ikajibu kwa ufasaha.

"Bibi," mwenyekiti akasema, "wewe unasemaje kuhusu huyu mwanamke?"

"Simjui. Goti langu hili halikunjiki, mnajua wote. Mungu mwenyewe nasali kwake nimesimama. Nimpigie magoti mpima ardhi?"

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alitabasamu. "Hayo magoti ni mapambo, Bibi. Mchoraji hupamba."

"Magoti ni mapambo, mikono ni ushahidi?"

"Tusibishane kwa viungo," mwenyekiti akasema, na wakacheka tena.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa na nilieleza kwa mpangilio: nani alikaa wapi, redio ilizimwa na nani, ungo ulitoka chini ya kitanda gani. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeukia picha, akaitazama kona kwa kona kama mtu anayehesabu mbuzi wake.

"Wewe ulisimama wapi?"

"Pale mlangoni."

"Pale pana mtungi."

"Ndiyo, mwenyekiti. Nilisimama pale."

"Basi wewe ndiye mtungi," mzee mwenye fimbo akasema, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na hata Bwana Zamani akainamisha kichwa ili asionekane. Nilikaa chini. Jina lilifika sokoni kabla yangu.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa Masanja, aliyekaa benchi la nyuma na mikono kati ya magoti.

"Wewe mchoraji, siku hiyo mambo yalikwendaje?"

"Mimi sikuwepo, mwenyekiti."

Ilikuwa kweli, na hakusema neno jingine. Wazee waliamua kwamba njuga zimekwisha kutolewa na zibaki ukumbini, na Bibi Apolonia apewe heshima ya kualikwa kwenye sherehe. Yule bibi aliinuka kwa taabu, akausogelea ubao mpaka uso wake ukakaribia uso wa yule mwanamke wa rangi, na akaimba kwa sauti ya kawaida, bila kutikisa chochote. Redio ilikuwa mezani, imezimwa. Ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili, na yamepoteza mwendo wake:

Nimemwona mwenzangu ukutani, amenizidi,
goti lake linakunjika, kanga yake haina kiraka.
Mwambieni aje nyumbani achote maji apike,
mimi nimechoka, na njuga anazo yeye.

Safari hii hakuna aliyecheka. Lakini hakuna pia aliyebadilisha uamuzi.

Nilimsindikiza Lupiro. Wakati ule pale Kivukoni palikuwa hakuna daraja. Tulivuka kwa pantoni, tumesimama kati ya baiskeli na magunia, na watu waliomtambua walimpisha akae juu ya gunia la mchele. Msibani walimsubiri. Wanawake walifungua duara wakaacha nafasi katikati, kama ilivyokuwa siku zote. Aliketi nje ya duara na hakuimba. Watoto wa marehemu walimwendea mmoja mmoja, mkubwa akamwambia, "Mama mkubwa, hata bila njuga, tafadhali," naye akamshika shavu na kutikisa kichwa. Mtoto yule alidhani amekasirikiwa, na nasikia alidhani hivyo mpaka uzee wake. Duara lilikaa wazi muda fulani, kisha mtu akaleta chakula.

Bibi Apolonia alifariki mvua za kwanza zilipoanza, mwaka ukiwa haujaisha. Masanja alichora msalaba wake, jina kwa herufi nzuri sana, kisha akahamia upande wa mashamba ya miwa, ambako palikuwa na kazi nyingi za vibao. Hatukuagana. Msibani hakuna aliyetunga chochote.

Siku ile ya simu nilifika kwenye nyumba ya Bwana Zamani alasiri. Paa la nyuma lilikuwa limeshatolewa. Ukumbini vitu vyote vilikuwa vimeondoka, ila benchi moja na picha. Na kwenye benchi alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, ambaye sikumtambua mpaka alipoyaondoa magongo yake ili nipite.

"Mtungi," akasema.

"Masanja."

"Kijana kaliona jina langu pale pembeni, akanitafuta. Nimekuja kwa bodaboda tangu Kidatu. Mgongo umekwisha."

Nilimwuliza mjukuu aliyenipigia simu, aliyekuwa amesimama mlangoni, kuhusu njuga. "Vile vyuma vya miguuni? Hivyo viliuzwa na mjomba zamani, vilikwenda na chuma chakavu. Babu mwenyewe alikuwa hajui tena kipi ni kipi, macho yalikuwa yamekwisha. Na hii picha kama hamuitaki, kuna seremala anataka ubao."

Alitoka nje kuwaelekeza watu wa matofali. Tulibaki wawili, tukimtazama mwanamke mwenye kanga mpya. Mikono ya Masanja ilikuwa ikitetemeka juu ya gongo, bila kukoma, na nilifahamu kwamba hashiki brashi tena.

"Sogea hapa," akasema. "Usiitazame kwa mbele. Kaa ubavuni, mwanga wa dirisha ukiwa upande huu."

Nilisogea. Jua la alasiri lilikuwa linapita juu ya ubao likiukwaruza, na rangi ya mafuta, iliyoonekana laini kwa miaka yote ile, ilikuwa na mabonde na matuta. Sakafuni, mbele ya magoti ya yule mwanamke, palikuwa na tuta la mviringo, pana, lililofunikwa na kahawia ya udongo. Niliupitisha mkono wangu juu yake. Ulikuwa ukingo wa ungo. Nikautazama mlango. Ndani ya mtungi, chini ya weusi wa mtungi, mlikuwa na mstari wa bega, na kisanduku mbele ya kifua, na pua.

"Nilikuwa nimeshamaliza yote kwa rangi," Masanja akasema. "Siyo mkaa tu. Bibi amekaa, mzee ameinama, wewe na redio yako. Niliridhika nayo. Akaja, akasema nifunike. Nikafunika juu yake. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa, ndiyo maana imevimba."

"Kwa hiyo siku ya wazee ungo ulikuwa hapa."

"Ulikuwa hapo."

"Na mtu angekwangua kwa msumari tu."

"Hata kwa ukucha."

Nje watu walikuwa wakipokezana matofali, na mmoja alikuwa akimtania mwenzake kwamba anabeba kama bibi harusi. Nilisubiri mpaka wakanyamaza. Swali nililokuwa nalo nimeliandaa kwa karibu miaka thelathini, na nilikuwa nimeliandaa kwa maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Kwa nini hukusema?"

Masanja aliitazama picha, si mimi. "Alikuwa amenilipa nusu. Nusu nyingine alisema atanipa shauri likiisha."

"Alikupa?"

Alitikisa kichwa. "Nilikwenda mara nyingi. Akawa anasema picha ina nyufa."

Nilikaa kwenye benchi, kwa sababu kulikuwa na nafasi. Mwanga ulikuwa unahama, na ungo ulikuwa umeanza kupotea tena kwenye sakafu ya rangi. Nikamwuliza nusu ile nyingine ilikuwa kiasi gani.

"Shilingi elfu kumi na mbili."